Meli za mafuta za jeshi la majini la Japani: zilivyojengwa, zilivyofanya kazi na zilivyokwisha

Novemba 26, 1941, manowari za Japani ziling'oa nanga katika ghuba ya Hitokappu, kwenye visiwa vya Kuril upande wa kaskazini, zikashika njia ya Hawaii. Kilichofuata Desemba 7 katika bandari ya Pearl Harbor kinajulikana dunia nzima. Kisichosemwa sana ni kwamba nyuma ya manowari sita za kubeba ndege na manowari nyingine zilizozilinda, zilikuwapo meli saba ambazo miezi michache kabla zilikuwa meli za biashara za kawaida: Kyokuto Maru, Kenyo Maru, Kokuyo Maru, Shinkoku Maru, Toho Maru, Toei Maru na Nippon Maru. (Neno Maru huwekwa mwishoni mwa majina ya meli za biashara za Kijapani.) Zote saba zilikuwa meli za mafuta.

Bila meli hizo safari ile isingewezekana. Manowari ndogo za ulinzi zilikuwa na matangi madogo na zililazimika kujazwa mara kwa mara njiani, katika bahari iliyochafuka. Hata baadhi ya manowari kubwa hazikuwa na uhakika wa kwenda na kurudi. Akagi, Soryu na Hiryu, ambazo hazikujengwa kwa safari ndefu kiasi hicho, zilijazwa mapipa ya mafuta hata katika nafasi ambazo kwa kawaida haziruhusiwi kuwekwa mafuta. Kujaza mafuta baharini kulifanyika kwa mpira mrefu uliopitishwa kutoka meli moja kwenda nyingine huku zote zikitembea. Kosa dogo la usukani lilitosha kuukata mpira au kuzigonganisha meli.

Makala haya yanaeleza meli za aina hiyo zilitoka wapi, na kwa nini nchi iliyozitegemea kiasi hicho haikuwa nazo za kutosha.

Nchi isiyo na visima

Mwanzoni mwa karne ya 20 manowari zilitumia makaa ya mawe, na Japani ilikuwa nayo. Mambo yalibadilika pale majeshi ya majini duniani yalipohamia kwenye mafuta, ambayo yana nguvu zaidi kwa uzito uleule, huingizwa melini kwa pampu badala ya koleo, na hayahitaji jeshi la wachochea moto. Visima vya Japani katika mikoa ya Niigata na Akita vilikuwa vidogo mno. Kufikia miaka ya 1930 nchi hiyo iliagiza kutoka nje karibu asilimia 90 ya mafuta yake, na sehemu kubwa kabisa, karibu asilimia 80, ilitoka Marekani. Yaani aliyeuza ndiye aliyetazamiwa kuwa adui.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la majini la Japani lilijenga meli zake lenyewe za kuleta mafuta. Kundi lililojulikana zaidi ni la Shiretoko, la miaka ya mwanzo ya 1920, ambalo kila meli yake ilibeba tani zipatazo 8,000 za mafuta na kwenda kwa kasi ya kilomita 26 hivi kwa saa. Meli kama Erimo, Sata, Iro, Shiriya na Naruto zilikuwa za kundi hili. Kazi yao wakati wa amani ilikuwa kwenda nje kununua mafuta na kuyarudisha kwenye maghala ya jeshi. Nyingine iliyoitwa Kamoi ilijengwa Marekani kwenyewe, katika karakana ya Camden, jimbo la New Jersey, ikakamilika mwaka 1922. Ilikuwa na mitambo ya umeme ya kuzungushia rafadha, jambo ambalo Wajapani walitaka kujifunza. Baadaye Kamoi na mwenzake Notoro zilibadilishwa kuwa meli za kuhudumia ndege zinazotua majini.

Ruzuku yenye masharti

Tatizo la meli za kundi la Shiretoko lilikuwa kasi. Zilifaa kuleta mafuta nyumbani, si kufuatana na manowari zinazokwenda mbio. Kujenga meli nyingine mpya kwa fedha za jeshi kulikuwa ghali, na mikataba ya kimataifa ya kupunguza silaha ilizifanya nchi ziangaliane kwa jicho kali. Njia iliyopatikana ilikuwa ya kibiashara, na wasomaji walio kwenye shughuli za uchukuzi wataielewa haraka.

Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1930 serikali ilizisaidia kampuni binafsi kujenga meli mpya za mafuta. Kampuni ilibaki na meli, ikafanya nayo biashara na kupata faida yake. Sharti lilikuwa kwamba meli ijengwe kwa namna ambayo jeshi la majini lingeitaka: ukubwa wa tani 10,000 hivi, injini za dizeli zenye nguvu, kasi ya zaidi ya kilomita 33 kwa saa, na sitaha imara ya kuweza kufungwa mizinga na mitambo ya kujazia mafuta baharini. Vita vikija, jeshi litaichukua.

(Tani zinazotajwa hapa na mbele kwa ukubwa wa meli ni tani za ujazo, ambapo tani moja ni futi za ujazo 100 za nafasi iliyozibwa ndani ya meli. Si uzito wa shehena. Watu wengi huchanganya vipimo hivi viwili, hata kwenye hati za forodha.)

Kwa mtazamo wa biashara tupu, meli yenye kasi kubwa hivyo haikuwa na maana. Mafuta ghafi hayaozi, na kila kilomita ya ziada kwa saa hula mafuta mengi zaidi. Hakuna mwenye meli ambaye angelipia injini za namna ile kwa hiari yake. Ruzuku ndiyo iliyoziba pengo. Kyokuto Maru, iliyojengwa na Kawasaki mjini Kobe mwaka 1934 kwa ajili ya kampuni ya Iino, ilikuwa miongoni mwa za kwanza, na muundo wake ukaigwa na nyingi zilizofuata. Kwa miaka kadhaa meli za namna hii zilikwenda California, zikapakia mafuta ya Marekani na kuyapeleka Japani. Ndizo hizo hizo zilizojaza manowari zilizokwenda kuipiga Marekani.

Jeshi lilikuwa na hila nyingine pia. Lilisanifu meli mbili, Tsurugizaki na Takasaki, kwa namna ambayo zingeweza kugeuzwa haraka kuwa za kubeba mafuta, za kuhudumia nyambizi au za kubeba ndege. Mwisho wa yote zikawa za kubeba ndege, zikaitwa Shoho na Zuiho. Shoho ilizama katika vita vya Bahari ya Matumbawe Mei 7, 1942, na Zuiho Oktoba 25, 1944. Hapo ndipo inapoonekana tabia iliyoigharimu Japani baadaye: kila chombo kilichoweza kubeba ama mafuta ama ndege, uamuzi ulielekea kwenye ndege.

Hesabu ya mapipa milioni 43

Julai 1941, baada ya majeshi ya Japani kuingia kusini mwa Indochina, Marekani ilizuia mali za Japani, na mafuta yakakatika. Uingereza na Uholanzi zikafanya vivyo hivyo. Vita vilipoanza Desemba, Japani ilikuwa na akiba ya mapipa yapatayo milioni 43. Kwa nchi iliyo vitani akiba hiyo ilikuwa ya muda wa kuhesabika, na kila mwezi wa kusubiri uliipunguza.

Mpango ukawa kuyafuata mafuta yalipo, yaani katika makoloni ya Uholanzi ambayo leo ni Indonesia, na kaskazini mwa Borneo. Februari 1942 askari wa miavuli walishuka Palembang, Sumatra, penye viwanda vikubwa vya kusafisha mafuta. Wenye visima walikuwa wameviharibu kadiri walivyoweza, lakini mafundi wa Kijapani walivifufua haraka kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1940 eneo hilo lilitoa mapipa milioni 65. Mwaka 1942, pamoja na uharibifu wote, lilitoa karibu milioni 26, na mwaka 1943 likafika karibu milioni 50.

Kwa hiyo mafuta yalipatikana. Swali lilikuwa nani atayabeba kwa kilomita elfu tano hivi hadi Japani. Wakuu wa vita walikuwa na meli za mafuta za jumla ya tani zipatazo 575,000, na jeshi la majini lilikuwa limejichukulia zile zilizo bora kuliko zote kwa ajili ya kufuatana na manowari. Jeshi la nchi kavu na jeshi la majini yaligawana visima, la kwanza likishika Sumatra na la pili visima vya Borneo ya Uholanzi, na kila moja likalinda chake kama maduka mawili yanayoshindana mtaa mmoja. Mwaka 1942, mwaka mzima wa ushindi, karakana za Japani zilikamilisha tani 20,000 tu za meli za mafuta. Ni sawa na meli mbili kubwa. Ushindi wa haraka ulikuwa umewaaminisha wapangaji kwamba zilizopo zinatosha.

Bahari ya Hindi na Kilindini

Vita hivi vilifika hadi upande wetu wa bahari. Aprili 1942 manowari zilizopiga Pearl Harbor, zikifuatwa na meli zao za mafuta, ziliingia Bahari ya Hindi na kushambulia Colombo na Trincomalee, katika Sri Lanka ya leo. Waingereza walipoteza manowari ya kubeba ndege Hermes pamoja na nyingine, na kikosi chao cha Mashariki kikahamishia makao yake Kilindini, Mombasa.

Muda mfupi baadaye nyambizi za Japani zikafika Madagaska. Mei 30, 1942, nyambizi ndogo za watu wawili wawili ziliingia bandari ya Diego Suarez, ambayo sasa ni Antsiranana, zikaijeruhi manowari ya Uingereza Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Juni na Julai nyambizi zile zilizamisha zaidi ya meli 20 katika Mlango wa Msumbiji. Zilihudumiwa na meli mbili za Kijapani zilizofungwa mizinga, Aikoku Maru na Hokoku Maru, zilizokuwa zikiwinda meli za biashara njiani.

Mei 9 mwaka huo meli hizo mbili ziliiteka meli ya mafuta ya Uholanzi, Genota, katika Bahari ya Hindi. Badala ya kuizamisha waliipeleka mashariki, wakaipa jina la Ose na kuiingiza katika jeshi la majini. Hiyo ndiyo sababu hesabu ya meli za mafuta za Japani iliongezeka mwaka 1942 kupita zile zilizojengwa: nyingine zilitekwa, nyingine ziliibuliwa kutoka bandari ambamo wenyewe walikuwa wamezizamisha. Novemba 11, 1942, Hokoku na Aikoku zilijaribu bahati hiyo tena kwa meli ya mafuta Ondina, ya Uholanzi pia, iliyosindikizwa na manowari ndogo ya India iitwayo Bengal. Safari hii mambo yaliharibika. Hokoku Maru ilipigwa, ikalipuka na kuzama. Ondina, ambayo nahodha wake aliuawa, ilifika Australia.

Mombasa ilikuwa na kazi nyingine ambayo ilifichwa kwa miaka mingi. Kituo cha Waingereza cha kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani, kilichokuwa kimehama Singapore na kisha Colombo, kiliwekwa katika jengo la shule ya Allidina Visram, kando ya bahari. (Shule hiyo ilipewa jina la mfanyabiashara ambaye maduka yake yalienea kutoka pwani hadi Uganda.) Usikivu wa redio ulikuwa mbaya na watu wachache, lakini Novemba 1942 walifumbua maandishi ya siri yaliyotumiwa na meli za biashara za Japani, yaliyopewa jina la JN-40. Mlango ulifunguliwa na uzembe wa mtu mmoja: mpeleka habari wa Kijapani alisahau kutaja mahali meli ilipo, kisha akautuma ujumbe uleule upya ukiwa na nyongeza hiyo. Wafumbuzi walipolinganisha nakala mbili wakaona namna herufi zilivyopangwa. Tangu hapo habari za meli za Japani, zikiwamo za mafuta, zilianza kusomwa na adui zake. Kituo kilirudi Colombo mwaka 1943.

Meli za haraka haraka

Mwaka 1943 Japani ilizinduka. Ilianza kujenga kwa wingi meli za mafuta za michoro maalumu ya wakati wa vita. Zile za kwanza zilikuwa bado meli nzuri. Aina ya 1TL ilikuwa ya tani 10,000 na iliyo ndogo yake, 1TM, ya tani 5,200. Chuma na injini vilipoadimika michoro ikarahisishwa. Ya 2TL ilibaki kubwa lakini ikapunguziwa nguvu. Ya 2TM ilikuwa ya tani 2,850 na 2TE ya tani 870 tu, chombo ambacho kabla ya vita kisingefikiriwa kuvuka bahari ile. Mistari ya mwili ilinyooshwa ili mabati yasihitaji kukunjwa, sakafu ya pili ya chini ikaondolewa katika aina kadhaa, na vifaa vya usalama vikapunguzwa. Hizi ndogo hazikuvuka sana kilomita 20 kwa saa. Aidha, meli kadhaa za mizigo ya kawaida zilizokuwa zinajengwa zilitiwa matangi na kugeuzwa za mafuta kabla hazijatoka kwenye chelezo.

Haingekuwa haki kuyacheka matokeo ya kazi hiyo. Mwaka 1943 zilikamilishwa meli za mafuta za zaidi ya tani 250,000, na mwaka 1944 zaidi ya tani 620,000. Kwa nchi yenye uhaba wa kila kitu hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kwa upande wa pili Marekani ilikuwa ikijenga meli za mafuta za aina moja, T2, kila moja ya tani 10,000 hivi, na kabla vita havijaisha ilikuwa imezijenga karibu 500.

Hata katika dhiki hii tabia ile ya zamani haikuisha. Meli kadhaa za 1TL na 2TL zilitolewa kwenye kazi ya mafuta na kuwekewa sitaha za ndege, miongoni mwao Shimane Maru na Yamashio Maru. Hakuna iliyofaa kitu. Shimane Maru iliharibiwa na ndege za Uingereza Julai 1945 ikiwa imetia nanga nyumbani.

Torpedo zinapoanza kulipuka

Japani ilipata nafuu ya karibu miaka miwili ambayo haikustahili, kwa sababu torpedo za nyambizi za Marekani zilikuwa mbovu. Kisa cha Tonan Maru Na. 3 ndicho kinachosimuliwa zaidi. Ilikuwa meli kubwa ya tani 19,000, iliyojengwa kuchakata nyangumi katika bahari za kusini, na matangi yake ya mafuta ya nyangumi yaliifanya ifae kubeba mafuta ya manowari. Julai 24, 1943, magharibi ya Truk, nyambizi Tinosa iliipata. Torpedo mbili ziliipiga nyuma na kuisimamisha. Kisha nahodha wa Tinosa, akiwa na shabaha iliyosimama tuli, akafyatua torpedo nyingine 9 moja baada ya moja. Hakuna hata moja iliyolipuka. Alibakiza moja, akairudisha Hawaii ikachunguzwe.

Uchunguzi ulionyesha kwamba kipini cha kulipulia kilipinda pale torpedo ilipogonga meli sawasawa. Iliyogonga kwa upande ililipuka. Maana yake ni kwamba mpigaji hodari zaidi ndiye aliyekosa. Kasoro ilirekebishwa kabla mwaka haujaisha, na kufikia 1944 meli za mafuta zilikuwa shabaha inayotafutwa kuliko karibu zote.

Ukizifuata zile meli saba za Hawaii unaona mwendo wa vita wote. Toei Maru ilizamishwa na nyambizi Silversides Januari 1943 karibu na Truk. Toho Maru ilizamishwa na Gudgeon Machi 1943. Januari 14, 1944, ziliondoka mbili kwa siku moja: Nippon Maru kwa torpedo za Scamp, Kenyo Maru kwa za Guardfish. Mwezi uliofuata ndege za Marekani ziliipiga Truk kwa siku mbili, Februari 17 na 18, na Shinkoku Maru ikazama humo, pamoja na Tonan Maru Na. 3, Fujisan Maru na Hoyo Maru. Kokuyo Maru ilikwenda Julai 1944, ikapigwa na Bonefish. Ya mwisho, Kyokuto Maru, ilizamishwa na ndege katika ghuba ya Manila Septemba 21, 1944. Takriban mwaka mmoja kabla ya vita kwisha hakuna hata moja kati ya saba iliyokuwa inaelea.

Palau nayo iligeuka kaburi la meli za aina hii. Machi 30 na 31, 1944, ndege zilizikuta humo Iro na Sata za miaka ya 1920, Akebono Maru, na Ose, yaani ile Genota iliyotekwa Bahari ya Hindi.

Kwa jumla, meli za mafuta zilizozama mwaka 1944 zilikuwa za tani zipatazo 750,000. Zile tani 620,000 na zaidi zilizojengwa kwa jasho mwaka huo hazikutosha kuziba pengo. Na takwimu za jumla zinaficha jambo: kilichozama kilikuwa mara nyingi meli kubwa yenye kasi, kilichochukua nafasi yake kilikuwa kidogo, kizito wa mwendo na chenye injini ya kuharibika.

Mafuta kusini, risasi kaskazini

Matokeo yalionekana kwenye mapipa yaliyofika. Mwaka 1942 Japani ilipokea mapipa milioni 10.5 kutoka kusini, mwaka 1943 milioni 14.5. Mwaka 1944 yakashuka hadi milioni 5, ingawa visima vilitoa karibu milioni 37. Mwaka 1945 ni kama hayakuwapo. Mafuta mengi yalibaki kwenye matangi ya Sumatra na Borneo, yakisubiri meli.

Jeshi la majini likalazimika kuyafuata mafuta badala ya mafuta kulifuata jeshi. Manowari kubwa zilikwenda kukaa Lingga, karibu na Singapore, wakati risasi, vipuri, marubani wapya na karakana za matengenezo vilikuwa Japani. Kabla ya vita vya visiwa vya Mariana, Juni 1944, zilijazwa mafuta ghafi ya Borneo ambayo hayakusafishwa. Mafuta hayo huweza kuchomwa yalivyo, ila hutoa mvuke unaowaka kwa urahisi na ni hatari melini. Katika vita hivyo, jioni ya Juni 20, ndege za Marekani ziliwakuta wasafirishaji wa mafuta wa kikosi: Genyo Maru na Seiyo Maru zilijeruhiwa kiasi cha kuachwa na kuzamishwa na Wajapani wenyewe. Hayasui, meli mpya ya mafuta iliyojengwa ibebe pia ndege chache, ilinusurika, lakini Agosti 19 nyambizi Bluefish ikaimaliza karibu na Luzon.

Hayasui ilikuwa katika msafara uliopewa namba HI-71. Misafara ya "Hi" ilianzishwa Julai 1943 kati ya Moji na Singapore kwa ajili ya mafuta hasa. Kabla ya hapo meli nyingi zilisafiri peke yake au mbili tatu na mlinzi mmoja. Misafara ilisaidia, lakini walinzi walikuwa wachache na waliochelewa kupata vifaa vya kugundua nyambizi, na kuzikusanya meli nyingi pamoja kulimpa adui anayesoma barua zako karamu kubwa zaidi. Januari 12, 1945, manowari za kubeba ndege za Marekani ziliingia Bahari ya Kusini ya China na kuuangamiza msafara HI-86 karibu na Qui Nhon, Vietnam.

Februari 1945 manowari Ise na Hyuga, zilizojengwa kwa ajili ya mizinga mikubwa, zilipakia mapipa ya mafuta na bidhaa nyingine Singapore na kukimbia hadi Japani. Zilifika salama. Katika hesabu ya wachukuzi, shehena ile ni kama kumtuma jenerali akachote maji kwa ndoo. Machi meli za mwisho za mafuta zilipenya, kisha njia ikafungwa. Vijijini Japani watu, wakiwamo watoto wa shule, walipelekwa msituni kuchimba mizizi ya misonobari ili ikamuliwe mafuta ya ndege.

Mabaharia wa meli za biashara za Japani waliokufa katika vita hivyo walizidi 60,000. Meli ya mafuta ikipigwa huwaka pamoja na bahari iliyoizunguka, na aliyeruka hakuwa na pa kuogelea. Walio wengi walikuwa raia walioajiriwa na kampuni, na meli yao ilipochukuliwa na jeshi walichukuliwa nayo.

Baada ya vita

Tonan Maru Na. 3, ile iliyogomewa na torpedo, iliibuliwa kutoka Truk mwaka 1951, ikavutwa hadi Japani, ikatengenezwa na kurudi kuwinda nyangumi. Mwaka huo huo karakana ya jeshi huko Kure, ilikojengwa manowari kubwa Yamato, ilianza kukodishwa kwa mfanyabiashara wa meli wa Kimarekani, Daniel Ludwig. Hakutaka manowari, alitaka meli za mafuta, na mafundi waliozoea kujenga vyombo vikubwa walikuwa wamekaa bila kazi. Kutoka Kure ilitoka Universe Apollo, iliyokamilika mwaka 1959, meli ya kwanza ya mafuta iliyoweza kubeba uzito wa zaidi ya tani 100,000. Miaka saba baadaye Japani ilizindua Idemitsu Maru, ya kwanza kupita tani 200,000. Michoro ya namna hiyo ndiyo iliyozaa meli zinazobeba mafuta ya Ghuba hadi leo.

Zilizobaki chini zinatembelewa na wapiga mbizi. Shinkoku Maru, huko Truk, sasa Chuuk, imefunikwa na matumbawe na ni moja ya mabaki yanayopendwa zaidi, kama ilivyo Iro kule Palau. Lakini bati la meli huoza. Hoyo Maru na nyingine za Chuuk zimekuwa zikivujisha mafuta kwenye rasi ambamo wenyeji huvua samaki. Kwa upande wa meli yake yenyewe, Mississinewa iliyozama Ulithi mwaka 1944 na kuanza kuvuja mwaka 2001, jeshi la majini la Marekani lilituma wapiga mbizi na pampu na kuyanyonya mafuta yote yaliyofikiwa mwaka 2003. Za Kijapani zilizoko Chuuk ni nyingi zaidi, na kila mwaka bati lake linapungua.